Shangazi anasema ugonjwa wa mwanangu umetoka kwa mama yangu

BARUA

Shikamoo mama. Nisamehe barua itakuwa ndefu, nimeandika nikafuta kama mara nne, saa hizi watoto wamelala na baba yao hajarudi ndo nimepata nafasi ya kukaa vizuri.

Mi naishi Tanga, mume wangu ni mtoto wa shangazi yangu, yaani mama mkwe wangu ndo dada yake baba, tumbo moja kabisa. Kwetu binamu kuoana ni kawaida na kwa kweli tumeishi vizuri miaka 12 sasa. Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa na miaka 4. Tumbo lilikuwa limejaa, miguu na mikono kama vijiti, damu za puani kila mara, tukaambiwa malaria imekaa sana mwilini hadi imeharibu bandama, tukazika, tukamwachia Mungu.

Sasa mama huyu wa pili ana miaka 7, wa kiume, na naona kitu kilekile kinarudi. Tumbo lilianza kuwa kubwa akiwa na miaka 3, nikampa dawa za minyoo, likazidi. Dozi za malaria hata sijui amemeza ngapi, saa nyingine kipimo kinasema hana lakini anapewa tu kwa sababu ya tumbo. Akapimwa selimundu maana anaumwa miguu usiku hadi analia, hana. Kichocho hana. Damu kila ikipimwa iko chini, na hizo chembe sahani za kugandisha damu nazo ziko chini, ukimshika mkono kwa nguvu kidogo tu kesho yake pana alama nyeusi. Darasani ni mfupi kuliko wenzie wote, na hao wenzie wanamwita mjamzito.

Miezi miwili iliyopita tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Wakamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga wakatoa uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, afu nikamsikia daktari anamwambia mwenzie kuwa seli zinaonekana kama karatasi iliyokunjwakunjwa. Baadae akaniita akasema inaweza kuwa ugonjwa wa kurithi unaitwa Gaucher, uko kwenye kundi la magonjwa ambayo seli zinalimbikiza mafuta haziwezi kuyasaga, wakadondosha matone ya damu kwenye kadi wakasema inatumwa nje ya nchi, majibu yatachukua muda. Yote hayo ni kama dakika 10 hivi, foleni ilikuwa ndefu, nikatoka na kikaratasi mkononi na kichwa kinazunguka.

Toka siku ile niliposikia neno mafuta nimemkatia mafuta yote. Hamna nazi, hamna maziwa, hamna kukaanga, nyama sijampa, anakula ugali na mchicha wa kuchemsha na chumvi. Juzi jirani alikuwa anapika samaki wa nazi, mtoto akasimama mlangoni ananusa tu, nikaingia ndani nikalia. Na amepungua kilo 2.

Afu tukampeleka hospitali nyingine ya binafsi tusikie maoni ya pili, huko wakasema dawa ni kulitoa hilo bandama haraka na mtoto atapona kabisa. Mume wangu anataka kuuza kiwanja chetu tulipie, mnunuzi ameshapatikana.

Na shangazi, yaani mama mkwe, anasema huu ugonjwa umetoka kwa mama yangu mzazi, kwamba ukoo wa mama ndo una laana ya matumbo, wao kwao haujawahi kuwepo. Anataka kumleta mzee mmoja wa kumkanda mtoto tumbo na kumchanja chale upande wa kushoto. Pia ameshamwambia mume wangu aoe mwingine apate watoto wazima. Mume hajajibu lakini kanyamaza, na huo ukimya wake ndo unaniua.

Nina maswali mengi ila naomba unijibu haya. Hiki kitu kinafanya nini hasa ndani ya mwili wa mwanangu? Ni mimi nimempa? Nikubali operesheni? Na huyu mdogo wake wa kike ana miaka 2, nae atakuwa nacho? Jana mtoto mwenyewe kaniuliza, mama kwani tumboni mwangu kuna nini, nikamwambia lala baba, nikashindwa kabisa kumjibu.

Mama wa Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa yule wa kwanza pia, naona hata kumlilia hukupewa nafasi ukamaliza.

Mi nimekaa maabara za hospitali miaka 29 nikiangalia damu na uloto kwenye hadubini hadi nilipostaafu, kwaio nitakueleza yanayotokea ndani ya seli kadiri nnavyoyajua, matibabu yenyewe utayapanga na daktari aliyemshika mtoto. Lakini kuna mambo matatu hayawezi kusubiri maelezo. Kesho mpikie mtoto samaki wa nazi. Huyo mzee asiguse tumbo la mtoto, hata awe anaheshimika mtaa mzima. Na kiwanja kisiuzwe kwanza.

Tuanze na hayo mafuta. Fikiria mama ntilie mwenye wateja wengi, nyuma ya kibanda ana sehemu ya kuoshea vyombo na wasichana wanaoosha, na kila mmoja ana chombo chake, huyu sahani tu, huyu vikombe, huyu masufuria, hakuna anayegusa cha mwenzie. Karibu kila seli ya mwili wetu ina vijisehemu vya namna hiyo, vinaitwa lisosomu, kwenye seli moja vinaweza kufika mamia. Ni vifuko vidogo vyenye tindikali ndani, na humo kuna kama aina 60 za enzaimu, hivi vimeng'enya mlivyosoma shuleni, kila kimoja kinavunja kitu chake. Kitu kilichochakaa ndani ya seli kinaingizwa humo, kinavunjwa vipande vipande, vile vipande vinatoka vikatumike tena. Hiyo kazi haina usiku wala sikukuu.

Mtoto mwenye Gaucher amezaliwa huku yule wa masufuria ama hayupo au anaosha moja wakati yanaingia mia. Wengine wote wapo, wanafanya kazi yao vizuri kabisa. Lakini masufuria yanarundikana, kwanza pembeni, afu njiani, mwisho hata yule wa sahani hana pa kupita. Ndo maana ya hiyo kulimbikiza aliyokwambia daktari. Enzaimu inayokosekana inaitwa glukoserebrosidezi, na kinachorundikana ni aina ya mafuta yaliyoshikana na sukari ambayo imo kwenye ngozi ya nje ya kila seli.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, hayo mafuta hayatoki sokoni. Yanatoka ndani ya mwili wenyewe, kwenye seli za damu zilizokufa. Seli nyekundu inaishi kama siku 120 afu inachoka, na mtu mzima anavunja kama milioni 2 kila sekunde. Za kuvunja hizo ni seli walaji, wengi wao wanakaa kwenye bandama, ini na uloto wa mifupa. Mlaji anameza seli mzee, anasaga kila kitu, akifika kwenye yale mafuta anakwama. Anameza nyingine, anakwama tena. Anavimba. Kwaio hata ukimlisha mtoto mchicha na chumvi mwaka mzima damu yake bado itachakaa na mafuta yatajaa vilevile, utakuwa umemwongezea njaa juu ya ugonjwa. Mtoto huyu tayari hakui vizuri, anahitaji nazi, mayai, maziwa, maharage, samaki. Usijilaumu, neno lilikuwa mafuta na hukupewa dakika ya kuuliza mafuta gani, mama yeyote angefanya ulivyofanya.

Ile karatasi iliyokunjwa uliyosikia ndo hao walaji walioshiba. Chini ya hadubini seli ni kubwa, kiini kimesukumwa pembeni, na ndani pana mistarimistari kama karatasi laini umeikunja mkononi ukaifungua. Ukishaiona mara moja huisahau. Philippe Gaucher alikuwa anasomea udaktari Ufaransa alipoziona mwaka 1882 kwenye bandama la mwanamke mmoja, akadhani ni saratani. Hakuwa na namna ya kujua maana lisosomu zenyewe zilikuwa hazijagunduliwa, hiyo ni hadi mwaka 1955, Mbelgiji Christian de Duve na wenzie pale Leuven. Na mimi kama mtu wa maabara kisa hicho nakipenda mno, walikuwa wanapima enzaimu fulani kwenye ini la panya, kipimo kikatoka chini kuliko walivyotegemea, sampuli wakaiweka kwenye friji, baada ya siku 5 wanapima tena enzaimu imepanda. Mtu mwingine angetupa akasema kipimo kimeharibika. Wao wakajiuliza ilikuwa imejificha wapi, wakatambua kuna vifuko vilikuwa vimeifungia na sasa vimeanza kuvuja. De Duve akapata tuzo ya Nobeli mwaka 1974. Kutoka hapo ndo watu wakaanza kuelewa kwamba magonjwa mengi ya watoto yaliyoonekana hayana uhusiano ni nyumba moja, sasa hivi yanahesabika zaidi ya 50, tofauti ni nani kakosekana kwenye kuosha. Akikosekana wa kuvunja sukari iliyohifadhiwa ni Pompe, misuli na moyo vinachoka. Kuna Hurler, mifupa na viungo vinakakamaa na sura inabadilika taratibu. Kuna Tay-Sachs, kinachojaa kiko kwenye seli za ubongo, na hizo zikifa hazirudi.

Rudi kwa mwanao uone jinsi kila ulichoandika kinaingia hapohapo. Tumbo ni bandama na ini vimejaa walaji waliovimba, bandama la Gaucher linaweza kuwa mara 10 au zaidi ya saizi yake. Bandama likiwa kubwa hivyo linazishika seli za damu na chembe sahani zisizunguke, na kule kwenye uloto zinakotengenezwa nako pamebanwa, ndo damu inakuwa chini, pua inatoka damu, mkono unaweka alama. Miguu inayomliza usiku ni uloto uliojaa hadi damu haipiti vizuri kwenye mfupa, yale maumivu ni ya kweli kabisa, mtu asije akakwambia mtoto anadeka. Na nguvu inayotumika huko kote ndo ilikuwa imrefushe.

Sasa shangazi.

Mwanangu, ili mtoto augue Gaucher lazima apokee nakala mbili mbovu za jeni, yaani maelekezo ya kurithi ya kutengeneza hiyo enzaimu, moja kwa mama na moja kwa baba. Ukiwa na moja unakuwa mbebaji tu, unaishi mzima, hutajua. Majibu yakithibitisha basi wewe ni mbebaji na mume wako ni mbebaji. Hakuna namna ukoo wa mama yako peke yake ukaleta huu ugonjwa, hesabu haikubali. Na kwa kuwa nyie ni binamu, njia iliyo karibu zaidi ni kwamba babu yenu au bibi yenu mmoja alikuwa nayo, akampa baba yako na akampa dada yake, baba yako akakupa wewe, dada yake akampa mumeo. Yaani inawezekana sana shangazi mwenyewe anaibeba na hajui, kama babu asivyojua, kama wewe usivyojua. Na hata wasio ndugu kabisa wanaweza kukutana wote wabebaji, ndugu nafasi inaongezeka tu.

Nakuomba lakini usiende kumrushia hili. Najua lilivyo tamu mdomoni baada ya maneno yale. Huyo mama amezika mjukuu, anaona wa pili anaelekea kulekule, anatafuta mahali pa kuuweka uchungu wake na kakuona wewe. Mwache daktari aseme, na waende wote wawili, mume na shangazi, siku ya majibu. Akisikia kwa mtu wa koti jeupe kwamba damu ni moja na hakuna aliyefanya kosa, itamwingia tofauti. Na mumeo, huo ukimya wake mi siujui, lakini mwanaume aliyetafuta mnunuzi wa kiwanja kwa ajili ya mtoto hajafika mahali pa kuondoka, hebu kaa nae umsomee hii barua.

Kuhusu mke mwingine, kwa kuwa umeniandikia wazi nami niseme wazi. Nyie wawili kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua, 2 kati ya 4 kuwa mbebaji mzima, 1 kati ya 4 asiwe nayo kabisa. Kila mimba inaanza upya, haihesabu waliopita. Akioa binti mwingine wa ukoo huohuo anaweza kukutana na jambo hilohilo. Na wewe kama bado unataka kuzaa ongea kwanza na daktari wa vinasaba au wa watoto, jeni ikishajulikana kuna vipimo vya wakati wa ujauzito, japo vingi hufanyika nje.

Bandama. Hapa naomba unisikilize na umpe mumeo simu asome mwenyewe. Zamani walikuwa wanalitoa sana kwa wagonjwa wa Gaucher na ni kweli damu na chembe sahani zinapanda, tumbo linapungua, kila mtu anafurahi. Ila seli hazijabadilika. Yule wa masufuria bado hayupo, umebomoa tu stoo iliyokuwa inapokea mrundikano, kwaio unahamia kwenye ini na kwenye mifupa, na walioondolewa bandama mifupa yao huwa inapata shida zaidi, hata mfupa wa nyonga kufa. Tena bandama ni askari, anayeishi bila hilo anashambuliwa kirahisi na nimonia na malaria kali, na Tanga malaria mnaijua. Sisemi haitolewi kabisa, yapo mazingira ya dharura au pale dawa imekosekana kabisa na mtoto anavuja damu, na hapo kuna chanjo anapewa kabla. Lakini kumfanyia hivyo mtoto ambaye majibu ya kadi bado yako njiani, na kumuahidi mama kwamba atapona kabisa, hapana, mi siafiki. Uloto peke yake hautoshi, kuna magonjwa mengine kama aina ya saratani ya damu yanatoa seli zinazofanana na hizo. Kinachothibitisha ni kupima enzaimu yenyewe na jeni.

Na hilohilo bandama ndo sababu ya kumkataa mkandaji. Likivimba linatoka nje ya mbavu zilizokuwa zinalilinda, linakuwa kama papai bivu. Kulibonyeza linaweza kupasuka na mtoto akavuja damu ndani bila kuonekana tone nje. Chale nazo kwa mtoto mwenye chembe sahani chache damu haisimami kirahisi. Mpira wa kusukumana asicheze, kupanda miti asipande, mwalimu wa darasa aambiwe. Ukiona maumivu ya ghafla tumboni upande wa kushoto au begani kushoto, amepauka, jasho la baridi, anaishiwa nguvu, usisubiri asubuhi. Dawa ya maumivu ni parasetamoli kwa kipimo chake, aspirini hapana, diklofenaki na ibuprofeni usimpe bila daktari kwa sababu ya kuvuja damu. Na zile dawa za madini ya chuma za kuongeza damu usimpe hadi wapime, wagonjwa wa Gaucher mara nyingi chuma kimehifadhiwa kingi mwilini ila kimekwama.

Dawa ipo mwanangu. Nakwambia hili taratibu kwa sababu lina uchungu wake. Miaka ya 1960 Mmarekani Roscoe Brady na wenzie ndo walitambua enzaimu gani haipo, afu ikachukua miaka mingi kuifanya dawa, maana waliitoa kwenye kondo la nyuma la akina mama waliojifungua, maelfu ya makondo kwa mgonjwa mmoja, na ikichomwa ilikuwa inaenda kwenye seli za ini zisizoihitaji. Wakagundua wakiichonga ncha zake ibaki sukari inaitwa manosi, seli walaji wanaikamata wenyewe na kuimeza hadi ndani ya lisosomu. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaja ya kutengenezwa maabara bila kondo, imigluserezi. Inaingia kwa dripu kila wiki 2. Ni kama kumleta kibarua wa masufuria kila baada ya siku 14, anapunguza rundo, na bandama linaanza kurudi ndani ya miezi, damu inapanda, watoto wanarefuka. Haimalizi ugonjwa, akiacha unarudi. Kuna na vidonge kama eliglustati ambavyo vinapunguza masufuria yanayoletwa badala ya kuongeza muoshaji, lakini hivyo vimeanzia kwa watu wazima.

Uchungu ni bei. Kwa wenzetu inafika mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, hakuna kiwanja Tanga nzima kinachonunua hiyo, na ndo maana nasema msikiuze. Njia yenu ni nyingine. Kampuni ya dawa ya Sanofi ina mpango wa kibinadamu ulioanza mwaka 1991 unaotoa dawa bure kwa baadhi ya wagonjwa wa nchi ambazo haipatikani, na anayeomba ni daktari, mgonjwa hawezi kuomba mwenyewe. Kuna pia Umoja wa Kimataifa wa Gaucher, International Gaucher Alliance, unaunganisha familia na madaktari wa nchi mbalimbali. Haimaanishi atapata, kuna vigezo na kusubiri, ila bila majibu ya enzaimu na jeni hata fomu haijazwi. Kwaio kazi yako ya kwanza ni hiyo kadi. Nenda pale hospitali uulize imetumwa lini, namba ya sampuli ni ngapi, majibu yatarudi kwa nani, andika kwenye daftari. Kama haijatumwa omba warudie, ni matone machache tu yanakaushwa. Na umwulize daktari kwa maneno haya, tukithibitisha, je utaniombea mtoto dawa ya msaada au unipe rufaa kwa anayeweza, Muhimbili au kwingine.

Kitu kimoja cha kumtazama ukiwa nyumbani. Gaucher ipo ya aina tatu, ya kwanza haigusi ubongo, ya pili inawachukua wachanga mapema sana, mwanao hayumo humo. Ya tatu inakuja polepole na inagusa mishipa ya fahamu. Mwite akiwa ameangalia mbele, uone akigeuka kukutazama macho yanatangulia au ni lazima azungushe kichwa kizima na kupepesa. Ukiona hilo, au degedege, au anapaliwa akila, mwambie daktari, maana dawa ya dripu haiingii kwenye ubongo na ni vizuri wajue mapema. Usinione nimekutisha, nimetaka tu usije ukaambiwa baadae kwamba ungesema.

Na mdogo wake umpeleke nae, hata kama tumbo lake liko sawa. Nafasi ni 3 kati ya 4 kwamba haumwi. Kama anaumwa, kumjua akiwa na miaka 2 kabla mifupa haijaharibika ni tofauti kubwa sana na alivyokuja kujulikana kaka yake.

Bado mtoto anasubiri jibu lake. Mwambie mchana mkiwa mmekaa, usingoje alale. Mwambie, tumboni mwako kuna kiungo kinaitwa bandama, kila mtu anacho, kazi yake ni kusafisha damu. Chako kimekuwa kikubwa kwa sababu kimefanya kazi sana na kuna msaidizi mmoja mdogo alikosekana toka unazaliwa. Hujala kitu kibaya, hakuna aliyekufanyia, na ukisikia miguu inauma uniite hata usiku wa manane. Afu mshike mkono muende wote jikoni mkakune nazi, na akiuliza swali lingine mjibu unachojua, lililobaki mliandike kwenye lile daftari la daktari.